Kilo Kumi na Mbili

Mpwa wangu tulimwita Kibonge, na jina lilimkaa: miaka miwili, kilo kumi na mbili, mashavu yamejaa mpaka macho hayaonekani akicheka. Nimonia ilipompata, muuguzi wa zahanati alimpa mama yake chupa ya dawa, akataka kumwandikia na kipimo. Dada yangu akakataa.

"Usijisumbue," alimwambia. "Kaka yangu katengeneza programu ya simu. Unaandika uzito, inakwambia mililita ngapi."

Kweli, niliitengeneza. Hata simu nilimnunulia mimi, ya mtumba, imetoka ng'ambo. Niligeuza lugha, ikaongea Kiswahili, nikajiona fundi. Mpangilio wa nchi sikuugusa. Na programu yangu huangalia nchi iliyowekwa kwenye simu, ndipo ijue ihesabu kwa kilo au kwa ratili, ambayo haifiki hata nusu kilo. Zamani, kando ya kisanduku cha uzito, palikuwa na neno dogo la kutaja kipimo. Bosi wangu kazini akasema linajaza kioo bure, nani asiyejua uzito ni kilo? Jibu nilikuwa nalo. Nikalifuta neno, nikaenda kula.

Dada akaandika kumi na mbili. Simu ikahesabu ratili, ikampangia Kibonge dawa ya kichanga wa kilo tano. Alimpa siku tano kwa kufuata saa, hakukosa hata mara moja. Siku ya sita tukazika.

Wiki iliyofuata alikuja chumbani kwangu, akaniwekea simu mapajani.

"Hebu niangalizie, kaka. Nilikosea wapi?"

Nikafungua mipangilio. Nchi ya ng'ambo ilikuwa palepale. Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu ni mpwa.

"Hukukosea," nikamwambia. "Nimekosea mimi. Simu ilidhani umeandika ratili. Mtoto alikuwa anapata chini ya nusu ya dawa."

Nilitamani anipige. Akaukunja na kuukunjua upindo wa kanga.

"Programu hiyo wanayo watu wangapi?"

"Elfu nne."

"Na wenye simu za mtumba?"

"Sijui."

Akanyanyuka, akaichukua kompyuta yangu kutoka kitandani, akaniwekea mezani na kuifungua.

"Sasa umekaa unanitazama nini?"