Babu Niyehe

Sahaldai alimuua baba yangu na kaka zangu wote, akanibeba mimi nikiwa mdogo, akanilea, akataka nimwite baba. Nilimwita. Nilikula mtama wake, nikanenepa kwa chuki. Nilipokua nikawa mganga wa ukoo wake, mwenye ngoma na kengele kiunoni, maana kwetu mizimu humchagua imtakaye, hata binti mateka.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba baba hakubakiwa na mwana wa kiume wa kumchinjia nguruwe wa tambiko, na binti haruhusiwi. Huko aliko alikuwa na njaa, na aliyemuua anashiba. Niliapa baba yangu atakula, na atalishwa na ukoo huo huo uliomuua.

Sahaldai akataka ukubwa. Machifu wa mto mzima wangekuja kumwapia utii, naye hakuwa na asili ya kujivunia. Babu yake alikuwa mtega wanyama tu.

"Wenzetu wanasema wametoka mbinguni," aliniambia. "Na sisi tutoke huko huko. Nitungie."

"Mbinguni kwa nani, Baba?"

"Kwa yeyote! Si ndiyo kazi yako?"

Siku ya sherehe nikapiga ngoma, nikaimba. Binti wa mbinguni alioga ziwani kwenye Mlima Mweupe, kunguru akamdondoshea tunda jekundu, akalila, akapata mimba. Mtoto aliogelea siku aliyozaliwa, akaitwa Niyehe, yaani bata, naye ndiye babu wa ukoo wa Sahaldai.

"Ndiyo maana wanatembea vile," chifu mmoja akamnong'oneza mwenzake.

Tukammiminia nguruwe pombe sikioni kwa jina la Niyehe. Nguruwe akatikisa kichwa: mzee amepokea! Hapo hakuna kurudi nyuma. Wote wakapiga magoti, Sahaldai mbele, paji la uso sakafuni. Nilitamani kucheka.

Nikampelekea nyama, nikamwinamia sikioni.

"Niyehe ni baba yangu. Bibi alimwita hivyo utotoni. Umemsujudia uliyemuua, na wanao watamlisha mpaka ukoo wako uishe."

Mkono wake ukashika kisu. "Nitakuchinja, mbwa we!" akanong'ona.

"Nichinje. Halafu waeleze wageni kwa nini."

Akawatazama machifu. Kisha akakata nyama, akatia mdomoni.

Chifu mzee kuliko wote akaniuliza kwa heshima, "Mama, huyu babu yenu alikufaje?"

"Mwulize Bwana Sahaldai. Anajua kuliko mimi."

Sahaldai alitafuna muda mrefu.

"Alisimama mlangoni peke yake," akasema. "Hakuwa na ngao. Alitu... aliwazuia watu wengi, mpaka paa likamwangukia likiwaka moto. Hakuomba kuhurumiwa."

Mimi siku ile nilikuwa nimefichwa ghalani, sikuona kitu, na miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniambia. Nikaketi mbele yake.

"Endelea," nikamwambia.