Karai la Sista Bilhah

Siku hizi ukienda hospitali ile ndogo ya kanisa iliyo juu ya Mogogosiek, utakuta kila ukuta una kichupa. Unabonyeza, kinatema dawa, unasugua mikono, basi, umemaliza. Chepngeno naye hubonyeza akimpeleka mjukuu kliniki, lakini hubonyeza huku akicheka peke yake, mpaka manesi vijana humtazama kwa jicho la pembeni. Hawajui. Watajuaje? Mwaka wa tisini na nne walikuwa bado hawajazaliwa, na birika la bluu lililoifundisha hospitali ile kuosha mikono huenda sasa limeoteshwa maua mahali.

Enzi hizo Chepngeno alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, nesi msaidizi katika wodi ya wazazi. Kwao kulikuwa vilima viwili kutoka kazini, na kabla ya zamu alikuwa akiingia shambani na mama yake kuchuma chai. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, umande ukimlowesha mpaka kiunoni, ukungu wa Mau bado umelala juu ya vilima, mama yake akiimba nyimbo za kanisa upande wa pili wa mstari. Jamani, asubuhi zile! Angepewa moja tu leo, angeipokea kwa mikono miwili.

Ubaya wa chai ni utomvu wake. Mchumaji hawezi kuficha kazi yake, kwa maana ncha za vidole huwa nyeusi, na weusi huo ukishaingia kwenye mipasuko ya ngozi haujui kutoka. Chepngeno alijaribu ndimu, akajaribu jivu, akajaribu mchanga, hata mafuta ya taa. Wapi! Mikono yake ilikuwa safi ila haikuonekana safi, na katika wodi ile macho yaliyoamua yalikuwa ya mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa Sista Bilhah, mkuu wa wodi, mama mrefu kutoka upande wa ziwani, mwenye viatu vyeupe ambavyo matope ya huku kwetu Konoin yalikuwa kama yameapa kutovigusa. Alikuwa mkali, naam, lakini alikuwa pia mtu wa kumshonea fulana mtoto wa maskini na kunyamaza kimya. Fahari yake ilikuwa karai. Karai jeupe, juu ya kigoda cha chuma, pale mlangoni. Kila asubuhi alilijaza maji mwenyewe, akatia dawa mpaka maji yakawa meupe kama maziwa, kisha akatundika kando yake taulo alilolidarizi kwa uzi mwekundu: MIKONO SAFI. Hakuna aliyepita bila kuchovya. Daktari alichovya, manesi walichovya, mfagiaji alichovya, wote wakajipangusa kwa taulo lile lile, kuanzia asubuhi hadi jioni. Wageni kutoka hospitali nyingine walilisifu karai lile, na Sista Bilhah akawa anatembea amenyoosha shingo.

Mvua ndefu za mwaka ule zilipoanza, vitovu vya watoto vikaanza kuharibika. Mmoja alitoa usaha, akafuata wa pili, mara wakawa wanne. Halafu mtoto wa Caren, mke wa mwalimu mmoja wa Kimulot, kifungua mimba wake, akashikwa na homa siku ya tano na siku ya saba akafa. Aliyemkata kitovu mtoto huyo alikuwa Chepngeno.

Sista Bilhah aliwapanga wafanyakazi mstari kama watoto wa shule, akapita akikagua mikono. Daktari Phelix akanyoosha yake, laini, kucha zinang'aa. Akapita. Wengine wakapita. Alipofika kwa Chepngeno alisimama.

"Yawa! Hii ndiyo mikono ulikata nayo kitovu?"

"Ni chai, Sista. Haitoki."

"Basi wewe ndiye utatoka. Nenda kwa dobi. Nakupatia mpaka mwisho wa mwezi. Hiyo mikono ikitakata, urudi. Isipotakata, utafute kazi kwa kiwanda."

Kuikosa kazi kulimuuma, tusidanganyane, maana alikuwa ameitafuta miaka mitatu. Lakini kilichomla moyo hasa ni kwamba alimwamini Sista. Aliitazama mikono yake akaona mikono iliyoua. Akaacha kumbeba mtoto wa kaka yake. Kanisani watu walipomjia na "Chamgei" zao, mkono mbele, yeye aliificha mikono ndani ya sweta akaitikia kwa kichwa, na kwetu huku kumnyima mtu mkono si jambo dogo. Wakasema kazi ya hospitali imemtia kiburi. Mama yake alijua ukweli.

"Ningejua chai itakufanyia hivi," alisema siku moja, ameshika kikapu kitupu, "ningeing'oa yote, nipande mahindi."

Kwa dobi alifua nguo za watoto na vitambaa vya kufungia vitovu. Wiki moja ikapita, ya pili ikapita, na bado vitambaa vilikuja na usaha. Siku ya kwanza alipouona alifurahi. Ndiyo, alifurahi! Kwa sababu yeye hakuwa wodini. Kisha akakumbuka kwamba usaha ule ni wa mtoto wa mtu, akaona aibu, akalia juu ya ndoo ya sabuni.

Na kila jioni karai la Sista lilikuja kwake kuoshwa. Wodini alikuwa amezoea kuliona asubuhi tu, limejaa na kumeta. Sasa aliliona lilivyokuwa mwisho wa siku. Maji yalikuwa ya vuguvugu, rangi ya majivu, na chini kulikuwa na utelezi uliobaki kwenye vidole. Taulo nalo lilikuwa bichi, lina harufu. Alianza kushuku, lakini nani angemwambia Sista Bilhah kwamba karai lake ni chafu? Kamba hukatikia pabovu, na pabovu palikuwa yeye.

Jumapili ya mwisho ya mwezi, watu wa hospitali walikwenda Kimulot kumpa pole Caren. Baada ya maombi, mama mkwe wa Caren akaleta jagi la maji ya moto na karai la kunawia. Chepngeno aliwahi kulichukua jagi. Anayewamwagia wenzake hakuna anayemkagua mikono. Akazunguka kwa wageni mmoja mmoja, maji yakitiririka juu ya vidole na kuangukia karaini pamoja na matope ya safari. Sista Bilhah alikuwa amekaa na Caren chumba cha ndani, kwa hiyo alikuja mwisho. Akakaa, akakunja mikono ya sweta, akanyoosha viganja. Jagi likatoa matone mawili.

"Sista, maji imeisha."

Mama mkwe akainuka mbio kwenda kuchota. Chepngeno alibaki amepiga magoti, anayatazama maji ya karaini, rangi ya majivu. Kabla hajajizuia, mdomo ulikuwa umeshasema.

"Lakini kuna hii ya karai, Sista. Chovya tu."

Sista Bilhah akarudisha viganja magotini.

"Umesema nini?"

"Wenzetu wamenawia hapo. Chovya, upanguse."

"Mimi ninawe uchafu wa watu?" Sista Bilhah alisimama. "Kwa nyumba iko na msiba? Ni nani alikufunza hiyo adabu?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Chepngeno, lakini jiwe lilikuwa limeshatupwa. "Ni wewe, Sista. Wodini tunachovya hapo sisi wote, asubuhi mpaka jioni. Halafu tunashika watoto."

"Ile iko na dawa!"

"Dawa ya asubuhi, Sista. Jioni mimi ndiye huosha hiyo karai. Chini iko na utelezi."

Caren alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha ndani. Alikuwa amesikia yote. Hakuna aliyemtazama usoni. Mama mkwe alirudi na maji, akamwagia Sista mikono, lakini Sista hakugusa chakula. Alishika kikombe cha chai, akakiweka, akaaga. Kuondoka nyumbani kwa Mkipsigis bila kuonja ni jambo zito, na Chepngeno alijua ni yeye aliyelileta.

Baadaye, watu walizoea kuisimulia habari hii kwa kicheko. Walisimulia jinsi birika la chai la manesi lilivyohamia mlangoni mwa wodi na chai ikabidi ipikwe kwa sufuria. Walisimulia jinsi Daktari Phelix alivyonung'unika kwamba hakusomea kumwagia watu maji, na Sista akamwambia basi asimame hapo mpaka asomee. Shuka kuukuu zikakatwa vitambaa vidogo, kila mtu na chake, kikitumika kinakwenda kwa dobi. Mvua zilipokwisha vitovu vilikuwa vinakauka vizuri, na miaka miwili baadaye Caren alijifungua msichana, akapokewa na mikono myeusi ya chai. Haya yote yalikuja baadaye.

Jumatatu ile Chepngeno hakuwa na la kucheka. Alikuwa amekunja sare yake kwenye mfuko wa karatasi, amekuja kuirudisha kabla hajaambiwa. Mlangoni mwa wodi karai halikuwapo. Juu ya kigoda lilikaa birika la bluu na kipande cha sabuni, ndoo tupu chini yake. Wafanyakazi walikuwa wamesimama pale, na Sista Bilhah, macho yamevimba, ameshika mpini wa birika.

"Leta mikono," alisema.

"Sista, bado ni nyeusi."

"Si nimesema ulete?"

Chepngeno akaweka mfuko chini, akachukua sabuni, akanyoosha mikono. Mama yule, mwenye umri wa kumzaa, akainama akammwagia maji, taratibu, kidole kwa kidole, mbele ya watu wote.

"Jana jioni nilirudi kwa Caren, peke yangu," alisema bila kuinua macho. "Nimemwambia ni karai yangu. Nimemwambia si mikono yako."

"Akasemaje?"

Sista Bilhah alimwaga maji kidogo tena, ingawa sabuni ilikuwa imeshatoka.

"Alilia. Na mimi nikalia. Halafu akaleta jagi, akaniosha mikono, tukala."