Ng'ombe wa Mwadui

Kizuri hujitembeza, kibaya ndicho hujiuza. Wanaosema kinyume chake hawakuwapo Nkoaranga, kwa Wameru, siku pete ya almasi ilipofungwa kamba na kuzungushwa uani, wazee waone kama inachechemea.

Ilikuwa miaka ile ruhusa ya biashara huria ilipotoka, kila mtu akawa mfanyabiashara, na maduka ya Arusha yakajaa vitu kuliko wanunuzi. Romanus, kijana wa Kichaga kutoka Kibosho mwenye duka la vitenge mjini, alikuwa amemposa Vaileth. Mahari ilikuwa imekwisha kupelekwa yote isipokuwa ng'ombe mmoja, ng'ombe wa baba, ambaye bila yeye hakuna kanisa wala keki. Badala ya ng'ombe, Romanus alikuja na baba yake mdogo Hans, dalali wa mawe ya thamani wa Mererani, na kijiboksi chekundu.

"Dunia imefunguka, wazee wangu," Hans alisema. "Ng'ombe siku hizi anabebwa mfukoni."

Vaileth alikuwa jikoni na shangazi yake Tabea, maana binti anayeolewa hakai mahali anapojadiliwa. Lakini jiko lilikuwa la mbao, na mbao zina huruma. Kupitia ufa aliona kijiboksi kikifunguliwa na kitu kikimkonyeza. Maishani mwake hakuwahi kuwa na kitu ambacho hakikuanzia kwa mtu mwingine: sketi za dada, Biblia ya bibi, viatu vya mitumba vya Mzungu asiyemjua. Aliitaka ile pete kama mtu anavyotaka maji.

Baba yake mkubwa, mzee Abdiel, aliyesimama mahali pa marehemu baba wa binti, ndiye aliyekagua ng'ombe wote wa mahari wa ukoo ule. Kitu kingine chochote hakujua kukikagua.

"Rangi?"

"Mweupe, mzee," Hans alijibu. "Almasi zipo za njano, za kahawia, hata za waridi. Ila ya uchumba wengi hupenda nyeupe."

"Madoa?"

"Kadoa kamoja, huko ndani kabisa. Kwa macho hakaonekani."

"Ana doa, basi. Katokea wapi?"

"Mwadui, Shinyanga."

Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. "Wasukuma wana ng'ombe," mmoja alikiri.

"Umri?"

Hapo Hans akaponzwa na kiburi cha biashara. "Mamilioni ya miaka, mzee wangu!"

Wazee wakatazamana. Hata kuku waliacha kuparura.

"Romanus," mzee Abdiel alisema kwa upole wa kutisha, "umetuletea kikongwe?"

"Baba, almasi haizeeki."

"Kila anayeuza ng'ombe mzee husema hivyo. Mtembeze."

Romanus, mtu mzima mwenye duka na tai shingoni, akafunga pete kwa kamba ya katani, akaivuta kuzunguka uani. Ikarukaruka juu ya mizizi ya migomba. Ikakwama kwenye kishina cha mbuni. Mzee mmoja akadai mguu wa nyuma ni mzito, mwingine akasema hapana, ni uchovu wa safari. Jikoni, Vaileth aliuma khanga asicheke na asilie.

"Na kama ni kipande cha chupa?" Tabea akapaza sauti kupitia ufa. "Siku hizi kila kitu kina bandia chake!"

"Shangazi, hii inakata kioo kama siagi!" Hans alijibu.

Wazee wakanong'onezana, kisha mzee Abdiel akatangaza: ng'ombe amepokelewa. Vigelegele vikaanza. Vikakatika, kwa sababu mzee alikuwa akiitia pete mfukoni.

"Baba," Romanus alisema, "hiyo ni ya kidole cha Vaileth."

"Uliona wapi bibi harusi amevaa ng'ombe? Ng'ombe wa baba analala kwa baba. Akichinjwa, mguu mmoja ni wa mjomba."

"Wa mbele au wa nyuma?" mzee mwingine akauliza, na wakaanza kubishana.

Vaileth akaweka mwiko chini, akatoka.

"Shikamooni," alisema, akapiga goti vizuri kabisa. "Baba mkubwa, ng'ombe huyo ametiwa chapa? Kama bado, nipe nimtie."

Mzee akashtuka. Katika ukaguzi wote, chapa alikuwa ameisahau. Akaitoa pete, aibu ikimwandama, na binti wa ndugu yake akaipokea kwa mikono miwili. Akaenda nayo hadi kwenye pikapu ya Hans, iliyotoka Dubai juzi na viti vyake bado vimevaa nailoni. Juu ya kioo cha mbele akaandika taratibu, kwa herufi kubwa, kwa mlio ulioumiza meno ya watu wazima: WA VAILETH.

"Inakata!" Tabea akapiga kelele. "Si chupa!"

"Kioo hukatwa na mawe mengi tu!" Hans alifoka, kisha akafumba mdomo, maana alikuwa anamshusha thamani ng'ombe wake mwenyewe.

Vaileth akaisukuma pete kidoleni. Ilibana kwenye kifundo. Akaitia mate, ikapita.

Hapo Wameru na Wachaga wakapatana kwa mara ya kwanza siku ile. Mzee Abdiel akaonyesha mpakani mwa shamba, kulikoota masale, jani ambalo makabila yote mawili huombea msamaha, na anayeletewa hawezi kukataa.

"Kachume moja. Umpigie goti baba yako Hans, umwombe radhi. Vinginevyo hakuna harusi."

"Vaileth, mpenzi," Romanus alinong'ona, kamba bado mkononi, "omba tu yaishe."

Vaileth alimtazama Hans, akatazama kioo, akatazama kidole chake.

"Kioo kilichoharibika nakiona," alisema. "Radhi siombi. Leo siombi, na kanisani Jumapili siombi. Anayetaka jani akachume mwenyewe."