Mwizi wa Kondoo na Debe la Mahindi

Mwaka ule wa njaa, sabini na nne, Ida alikuwa akifundisha ngumbaru, watu wazima wasiojua kusoma, katika kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Chanzuru. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba.

Alasiri ile roho yake ilikuwa juu. Kaka yake, Urbanus, alikuwa amefungiwa katika ofisi ya kijiji. Alikutwa na debe la mahindi ya ghala la wote, na kesho yake angepelekwa polisi Kilosa. Mwenye neno la mwisho, mwenyekiti wa kijiji Makarius, alikuwa kwenye dawati la mbele na daftari lake, mwanafunzi kama wengine.

Ida akawasomea riwaya ya Waingereza wa kale, iliyotiwa Kiswahili. Mtu kafukuzwa shambani, wanawe wanalala njaa, akaiba kondoo wa bwana mkubwa.

"Masikini! Mwacheni mwana wa watu!" akaguta Bibi Generoza.

"Njaa haina adabu," akasema Makarius. "Huyo si mwizi."

Ida akafunga kitabu, kidole kikiwa ndani. "Na Urbanus je, mwenyekiti? Wanawe siku ya tatu leo wanakunywa uji wa pumba."

"Usinitege, binti. Mzungu yule kamwibia tajiri. Kaka yako katuibia sisi. Ghala lile ni jasho langu na la bibi huyu."

Ida akakifungua kitabu tena. Neno lile lilikuwa kweli.

"Wakamfanyaje huyo wa kondoo?" akauliza Telele, mfugaji wa Kimasai aliyekuja kujifunza kuandika jina lake.

Ida alikwisha kuusoma mwisho. Angeweza kudanganya. "Walimnyonga."

"Kwa kondoo mmoja! Na kondoo akarudi?"

"Hakurudi."

"Wajinga hao! Kwetu ukiiba ng'ombe unalipa ng'ombe, tena na wa nyongeza. Ukishamnyonga, nani atalipa?"

Darasa likaangua kicheko.

"Haya, Makarius," akasema Bibi Generoza, "polisi wa Kilosa watatulimia?"

Makarius hakucheka. Akafungua daftari lake, akashika kalamu.

"Urbanus atalima ngwe kumi za shamba la kijiji, peke yake. Mvua ikimkuta hajamaliza, Kilosa."

"Kumi ni nyingi, baba," akasema Ida.

"Kumi."

Ida akapokea ufunguo wa ofisi kwa mikono miwili, akaenda ofisini. Urbanus alikuwa ameketi sakafuni.

"Polisi wamefika?"

"Jembe ndilo lililofika, kaka. Inuka, jua halijazama."