Sakafu ya Juu ya Mmanga

Kwa mambo mengine Mmanga alikuwa mtu mwenye akili zake timamu. Alitoka Tumbatu hana mbele wala nyuma, akauza papa mkavu pale Malindi ya mjini Unguja mpaka akapata kiwanja, na mwaka wa hamsini na tatu akaanza kujenga nyumba ya mawe ya ghorofa. Lakini likija suala la paa, akili zote zilimhama. Yeye alitaka sakafu ya juu kama za matajiri wa mjini, ya mawe na chokaa, apande jioni na jamvi lake, apunge upepo na aione bahari.

"Ezeka bati, Bwana Mmanga," alimwambia Fundi Ame, mwashi wake. "Bati mvua inateremka yenyewe. Sakafu itakutaka chokaa kila mwaka, na masika ikipata ufa utalala na ndoo kitandani."

"Na upepo je? Bati litanipa upepo?"

Mkewe, Mwanakheir, naye alitia lake. Kweli, juu pangefaa kuanikia nguo, lakini nani wa kupanda ngazi zile na beseni kichwani, na magoti yake yale? Wakabishana asubuhi, wakabishana usiku. Walipima joto, walipima mvua, walipima na uzito wa mawe juu ya boriti. Jirani peke yake ndiye ambaye hakuna aliyempima, na jirani mwenyewe walikuwa naye ukuta kwa ukuta.

Jirani huyo alikuwa Mzee Jecha. Mmanga alipomwendea kumwomba aingize vichwa vya boriti katika ukuta wake, mzee alicheka tu. "Ukuta wangu ni wako," alisema, wala hakutaka kujua zaidi. Nyumba ilipofika ghorofani, Mzee Jecha akafariki, na mjane wake, Bi Mashavu, akaingia eda. Kukaa eda ni kukaa ndani, mwanamme wa kando asikuone, mpaka muda utimie. Nyumba yake ilikuwa ya chini, na nyuma ina ua wenye kisima. Ua ule ndio ulikuwa dunia yake yote.

Mmanga alipanda juu ya boriti kwa mara ya kwanza bila ya kupiga hodi, bila ya kukohoa, kama mtu asiye na majirani. Bahari ilikuwepo kweli, na moyo wake ukajaa. Kisha akatazama chini. Bi Mashavu alikuwa kisimani, kichwa wazi, anakosha nywele zake nyeupe. Mmanga akageuza uso haraka, akashuka. Alijiambia kwamba hakuona kitu.

Kesho yake Mwanakheir akaja na ujumbe.

"Bi Mashavu anauliza, huko juu panaonekana uani kwake? Anasema kama panaonekana umwambie tu, yeye atakaa chumbani mpaka eda yake ishe. Hakuzuii kujenga."

Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake neno moja. Lakini Mmanga aliona yatakayofuata neno hilo. Nani angeendelea kupandisha sakafu huku mjane amejifungia chumbani kwa ajili yake? Mwanakheir angesema ezeka bati, Fundi Ame angesema nilikwambia, na mtaa mzima ungemtazama.

"Hapaonekani kitu," akasema. "Nshatazama mwenyewe. Unaona mapaa matupu."

Mwanakheir akaenda kuupeleka uongo ule bila ya kujua alichobeba. Mmanga alikuwa anakula, na sauti ya mkewe ikamfikia kutoka uani kwa jirani: "Kasema hapaonekani. Na Mmanga wangu hasemi uongo, nakuapia."  Akausukuma wali kando, akanywa maji.

Chokaa ikamwagwa, wakaja wapigaji, wanawake na wanaume, na vibao vyao vya kuishindilia mpaka ishikane. Kazi ile huenda na nyimbo. Mmanga akawaomba wasiimbe kwa sababu jirani ana msiba, na mtaani wakamsifu: huyu mtu ana adabu. Sifa zile alizipokea, tena kwa tabasamu! Lakini kila wapigaji walipofika ukingo wa upande wa Bi Mashavu, waliangalia chini mara moja, kisha wanaume wakageuka, wakapiga chokaa kinyumenyume, migongo yao kwa ua.  Mmanga aliwaona, akajifanya anakagua ngazi.

Eda ilipokwisha, Bi Mashavu akaja na buibui lake kutoa mkono wa heri ya nyumba mpya.

"Shikamoo, Bi Mashavu."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akutilieni baraka. Nipandisheni na mie huko juu nikapaone."

"Ngazi kali, Bi Mashavu," alisema Mmanga. "Na sakafu haijakauka vizuri."

"Imekauka zamani," alisema Mwanakheir, akamshika bibi mkono.

Bi Mashavu akaitazama bahari, akasema mashallah. Kisha akaanza kwenda ukingo wa pili.  Akasimama pale ukingoni, akaangalia chini. Palikuwa na kisima chake, ndoo yake na kamba, jiwe alilokuwa akikalia, kanga zake kwenye waya. Ua ulikuwa mtupu, hakuna mtu, na hata hivyo Bi Mashavu akalivuta buibui kwa mikono miwili, akajifunika mpaka kidevuni.

Mwanakheir naye akasogea, akaangalia. Alipomgeukia mumewe, Mmanga alishindwa kumtazama.

"Nilikuwa nikiwasikia wakipiga chokaa," alisema Bi Mashavu, polepole, "nikaona ajabu hawaimbi. Nikasema, Mmanga katustahi."

Haya zilimshika Mmanga mwili mzima. Masikio yalimuwaka, na laiti sakafu ile ingepasuka immeze, angeshukuru.

"Bi Mashavu," alisema, na sauti yake haikuwa yake, "kesho nnamwita Fundi Ame. Nnapandisha ukuta upande wako, mrefu, mtu asione kitu."

"Jenga, mwanangu," alisema Bi Mashavu. "Lakini eda mie nshaikaa."

Akashuka taratibu, Mwanakheir amemshika mkono, na Mwanakheir hakugeuka nyuma kumngoja mumewe. Mmanga akabaki peke yake juu ya sakafu yake. Upepo ulikuwa unavuma vizuri, kama alivyoutaka, naye hakujua auelekeze uso wake wapi.