Vipimo Vitatu kwa Mpigo

Saa mbili asubuhi Kuo-jung alimpigia dada yake simu kiwandani.

"Hsiu-chu, madaktari wamenyoosha mikono. Tunamrudisha baba nyumbani, akate roho kwake. Mfuko wa hewa unaompumulisha naminya mwenyewe, na siuachi mpaka ufike. Njoo!"

"Nakuja, kaka. Nimalize mzigo huu tu."

Alijua yanayomngoja akichelewa. Kwao, mkoani Yunlin, binti aliyeolewa akiikosa pumzi ya mwisho ya mzazi, huanza kulia tangu mdomo wa kichochoro, akatambaa kwa magoti hadi kwa maiti, majirani wakitazama.

Mzigo ulikuwa chipu za kompyuta elfu moja na mia tano, za kupimwa kama ni nzima, na sahihi iliyotakiwa ni yake peke yake. Ndani ya kila chipu mna sehemu nyingi, na kila sehemu hupimwa kwa zamu yake. Ratiba ya zamu hizo aliipanga Hsiu-chu mwenyewe. Ingeisha saa sita, na saa nane angekuwa nyumbani.

Lakini roho yake, masikini, ilishatangulia. Akaifungua ratiba, akaweka sehemu tatu zipimwe kwa mpigo.

"We Hsiu-chu!" akasema Pei-shan, jirani yake wa meza. "Umeme utatosha kweli? Mtaka yote hukosa yote."

"Niache. Baba ananingoja."

"Haya, basi tumbembeleze huyu." Pei-shan akaipapasa pakiti ya kijani ya vitafunwa iliyowekwa juu ya mashine kama hirizi, ili mashine isilete ukorofi. Wakacheka kidogo.

Chipu za mwanzo zilipita vizuri. Saa nne kasorobo skrini ikaanza kuwa nyekundu: chipu moja mbovu, kumi, arobaini mfululizo. Wala hazikuwa mbovu! Sehemu tatu ziligombea umeme, hakuna iliyoshiba, zote zikajibu uongo. Na zile zilizopita, nani angeziamini sasa? Ilibidi airudishe ratiba ya zamani, aanze upya na chipu ya kwanza, mpaka saa nane. Hsiu-chu alijipiga kofi mbele za watu. Haraka yake mwenyewe ndiyo iliyozila saa mbili za baba yake.

Akapiga simu. "Nitachelewa, kaka. Nimeharibu mwenyewe."

"Mikono ninayo miwili," Kuo-jung akasema. "Maliza, uje."

Alifika saa kumi. Kaka yake alikuwa ameketi kando ya kitanda sebuleni, jasho linamchuruzika, akiminya mfuko, akiachia, akiminya. Kifua cha mzee kilipanda na kushuka.

"Umewahi," akasema bila kumtazama. "Muage baba."

Hsiu-chu akaushika mkono wa baba yake. Ulikuwa baridi mpaka kwenye kiwiko. Miaka kumi na minane kazi yake ilikuwa kutenga vizima na vilivyokufa, nani angemdanganya?

"Tangu saa ngapi, kaka?"

Kuo-jung aliendelea kuminya. "Saa tisa kasorobo. Sikutaka utambae, mdogo wangu."

Hsiu-chu akaibandua mikono ile kwenye mfuko, kidole kimoja kimoja, akaishika kidogo. Kifua cha mzee kikatulia. Kisha akatoka nje, akaenda mpaka mdomo wa kichochoro, akapiga magoti, akaanza kulia.