Mabati ya Chumba cha Nyuma

Mlango wa mbele ulikuwa haufungi, na kosa halikuwa la fundi. Ulikuwa umenenepa. Kila kundi la wanafunzi wa kujitolea lililoletwa kijijini lilianza na mlango huo: wa kwanza waliupaka kijani, waliofuata wakaupaka buluu, wengine wakaona buluu imechoka, na rangi ikakaa juu ya rangi mpaka ubao ukavimba kama tumbo la mtu aliyekula harusi mbili kwa siku moja. Mbuzi mmoja alijikuna hapo akaondoka na ubavu wa manjano, na aliyekuja kumnunua akadhani ni mbegu ya kigeni, akaongeza bei mwenyewe.

Mwenye nyumba alikuwa amechuchumaa kizingitini, anaukwangua kwa kisu cha jikoni ili usiku aweze kujifungia. Watu walimwita Bibi wa Wanafunzi, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Zamani, mumewe alipokuwa hai, majirani waliingia kwake bila hodi, kuomba chumvi, kuomba kaa la moto, kuomba tu mahali pa kukaa watete. Siku hizi akisalimu, anajibiwa na mgongo.

"Ana wageni wake huyo," alisema jirani wa ng'ambo ya ua, kwa sauti iliyopimwa isikike. "Sisi atatutakia nini?"

Chumba cha nyuma kilikuwa wazi kwa mbingu. Upepo uliondoka na paa msimu uliopita, mvua ikachora michirizi ya kahawia ukutani, sakafu ikawa tope, tope likaota majani. Angekuwa ameshakiezeka. Mabati alikuwa nayo. Binti yake, aliyekuwa akiwafulia watu nguo mjini, aliyanunua moja moja, akayatuma juu ya lori la saruji. Mwanamume aliyezaa naye alikuwa ametoka kwenda dukani na hajarudi mpaka leo, labda duka lilihama. Mwenye chumba alichopanga huko mjini naye alikuwa amechoka kusubiri kodi.

"Mama, ezeka hicho chumba tu," binti alisema kwenye simu. "Kikiwa na paa nakuja na mwanangu, huku sirudi tena."

Mjukuu huyo bibi yake alikuwa hajawahi kumbeba. Alimjua kwa sauti tu, kwa kilio cha nyuma ya maneno ya mama yake.

Basi fundi akaitwa. Alipoegemeza ngazi ukutani tu, mwenyekiti wa kijiji akatokea, kama mtu aliyekuwa amefichwa ndani ya ngazi yenyewe.

"Shuka, fundi. Shuka pole pole, usije ukaumia kwa kazi isiyokuwepo." Kisha akamgeukia mwenye nyumba. "Mama yangu, unataka kutuaibisha? Wanafunzi wako njiani. Wakikuta nyumba nzima watafanya nini? Watapiga picha na kuku?"

"Lakini mwenyekiti, mwanangu..."

"Mwanao atakuja, nani kamzuia? Wanafunzi wenyewe watayapiga hayo mabati. Bure! Shida yako nini?"

"Dirisha walilonipigia mwaka jana mlikuja mkaling'oa."

"Tulilihifadhi."

"Na godoro."

"Mama." Mwenyekiti alitabasamu, akashusha sauti kama mtoto anayeongea na mzazi wake. "Nyumba yako ndiyo iko barabarani, basi lao linageuzia hapa. Saruji ya ofisi wanatuletea wao, au unadhani inaokotwa? Halafu wale shemeji zako bado wanakuja kwangu kuhusu hiki kiwanja. Kila wakija nawaambia, jamani, mwacheni mjane wa watu. Sasa nitawaambia hivyo mpaka lini, na wewe hutaki kusaidiana?"

Mabati yakaenda ofisini, kuhifadhiwa.

Wanafunzi walikuja wakiimba, fulana zao mpya bado zina mikunjo ya dukani. Walimkumbatia mmoja mmoja, na yeye akasimama pale mikono imemning'inia, hajui aiweke wapi. Tangu kundi lililotangulia hakuna mtu aliyekuwa amemgusa. Walinukia sabuni. Mmoja alimshika mkono akausahau mkononi mwake wakati wote wa hotuba, naye bibi akajikausha asije akamkumbusha.

"Mabati haya," alisema mwenyekiti, "ni mchango wa ofisi yetu kwa mama huyu asiye na mtu."

Wakapiga makofi. Bibi naye akapiga, kwa mkono mmoja dhidi ya paja.

Kazi ilianza kwa mlango, kama kawaida, ukapakwa zambarau. Kisha vijana wakapanda juu. Msichana mmoja mrefu wa miwani, aliyekuwa na bidii kuliko wenzake, aliinama kutoka kwenye kenchi akamwita.

"Bibi! Unahitaji nini kingine? Tuambie ukweli."

Mwenyekiti alikuwa nyuma ya bibi, anakunywa maji ya chupa. "Mwambie, mama," alisema. "Usiogope."

Bibi alitazama juu. Kulikuwa na maneno mengi, yote yakamjia kwa pamoja yakakwama mlangoni.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "piga misumari mingi."

"Mingi?"

"Mingi sana. Kila mahali. Yasitoke."

Msichana alicheka mpaka akashika boriti. "Jamani mmesikia? Bibi anataka misumari!" Na wote wakacheka, na kila mmoja akataka zamu ya nyundo, hata waliokuwa wamejilalia kwenye basi. Walipiga juu, wakapiga pembeni, wakapiga katikati ya bati pasipokuwa na ubao chini yake. Kijana mmoja alijigonga kidole gumba, akapigwa picha na kidole chake. Jua halijapungua, chumba kilikuwa na paa.

Wakati wa kuaga msichana wa miwani alilia machozi ya kweli. "Nitakupigia simu kila wiki, Bibi," alisema. Namba hakuomba.

Basi lilipoondoka, bibi alifagia chumba cha nyuma, akang'oa yale majani, akatandika mkeka. Akakaa juu yake na miguu yake ameinyoosha, akisikiliza mabati yakilia ta-ta kwa joto. Alichagua ukuta wa kitanda. Alichagua pembe ya mtoto kuchezea. Alitikisa kichwa, akahamisha kitanda, akamhamishia mtoto upande wenye mwanga.

Mwenyekiti alirudi kesho yake asubuhi na yule fundi na watu wawili.

"Kundi jingine linaingia kesho," alisema. "Hawa wa chuo kikubwa. Hawataki kupaka mlango tu, wamesema wazi wanataka kuezeka."

"Waezeke wapi?"

"Hapahapa."

"Kwa mabati gani?"

"Hayahaya. Si ni yako? Yanatoka leo, kesho yanarudi. Utakosa nini, usiku mmoja?"

Fundi alipita karibu naye bila kumtazama. "Mama, nisamehe," alinong'ona. "Nina watoto." Kisha akapanda, na punde sauti yake ikasikika kutoka juu, imejaa hasira ya mtu aliyepata mahali pa kuitolea. "Nani alipiga misumari hivi? Wazimu gani huu!"

Kila msumari uling'olewa kwa kelele zake, na kila mmoja uliacha tundu lililochanika. Bati la kwanza lilipoteremshwa, mwanga ulipita ndani yake kama kupitia chujio la chai.

"Mwenyekiti," alisema fundi, "haya hayatazuia tena mvua."

"Mvua ya nani? Wewe ng'oa."

"Basi mama, tushikie ngazi. Inateleza."

Bibi akaja akashika ngazi. Mtu akianguka ataumia. Simu ikaita, akaipokea kwa mkono mmoja, mwingine haukuachia.

"Mama!" Binti yake alikuwa akipiga kelele kwa furaha. "Nimeliona paa! Picha zimeenea huku kila mahali, nilikuwa nawaonyesha watu, huyo ni mama yangu, hiyo ni nyumba yetu! Chumba chao nimewarudishia. Tuko kituoni, basi la usiku." Nyuma yake mtoto alikuwa akiongea maneno yake mwenyewe. "Mama? Kelele gani hizo?"

"Mafundi."

"Bado wanapiga?"

Bati jingine likashuka. Bibi alifungua mdomo. Ndani ya nyumba ile, isipokuwa siku za wageni, hakuna mtu aliyekuwa ameita jina la mwingine kwa miaka.

"Njooni," alisema.

Walifika asubuhi. Binti alizunguka nyumba akiwa amembeba mtoto, mfuko begani, tabasamu likiwa limetangulia. Alisimama kwenye chumba cha nyuma, akatazama juu, akaendelea kutazama.

"Mama, paa liko wapi?"

Kabla bibi hajajibu, mwenyekiti aliingia mbio, shati lake limefungwa hadi koo.

"Wako kwenye kona. Mama, uko tayari? Na huyu nani?"

"Binti yangu. Na mjukuu wangu."

Mwenyekiti alimtazama mtoto. Akatazama mbingu juu ya kuta, kisha akamtazama mtoto tena, na uso wake ukachanua.

"Mama, miaka yote hii hukuniambia una mjukuu?" Alimshika binti begani, kwa upole, akamsogeza hadi katikati, penye tope. "Simama hapa. Hapo hapo, dada. Safi kabisa."

"Mama, huyu ni nani?" aliuliza binti.

Honi ililia barabarani. Nyimbo zikaanza. Mwenyekiti alirudi nyuma hatua moja, akafumba jicho kama anayepima ukuta, akakunja uso. Mtoto alikuwa amevaa viatu vyekundu, vipya, vya safari.

"Viatu havifai. Mvueni. Haraka, mama, wanashuka."

Binti alimkumbatia mtoto kwa nguvu, akamgeukia mama yake, akasubiri. Bibi alipiga magoti topeni. Mkono wake ulifika kwenye kifungo cha kiatu na kukaa hapo. Na mtoto, aliyezoea kuvuliwa viatu pale tu anapofika nyumbani, akamnyooshea mguu.